Mlango wa Unyago na Jicho la Kamera

Mwezi Mei 2016 serikali ya Tanzania, kupitia wizara iliyosimamia utamaduni na sanaa, iliipiga marufuku video ya wimbo "Chura" wa Snura Mushi, na mwimbaji mwenyewe akazuiwa kwa muda kufanya maonyesho. Hoja iliyotolewa ni maadili. Mjadala uliofuata ulizoeleka upesi: wapo walioona kwamba video za namna hiyo zinamdhalilisha mwanamke, na wapo walioona kwamba zinamfungua kutoka katika kifungo cha mila. Kambi hizi mbili zinapingana katika hukumu, lakini zinakubaliana katika jambo moja ambalo halikuchunguzwa: kwamba mila iliuficha mwili wa mwanamke, na kamera ndiyo iliyoufunua.

Dhana hiyo haisimami mbele ya unyago. Katika unyago wa Zanzibar na wa Mrima, mwari hufundishwa na somo au kungwi mambo ya mwili, ya ndoa na ya usafi, na mafunzo hayo hupitia ngoma, nyimbo na viuno. Bi Kidude, aliyefariki mwezi Aprili 2013, alisifika kwa taarabu na vilevile kwa ngoma hiyo ya unyago. Mila, kwa hiyo, haikuunyamazisha mwili wa mwanamke. Iliupa lugha, walimu na mahali pake. Kilichowekewa mpaka ni jicho. Ndani ya uwanja ule kila anayetazama ni mwanamke, na kila mwanamke anaweza kuitwa katikati kucheza. Hakuna atazamaye bila yeye mwenyewe kutazamwa.

Ukiitazama "Chura" kwa msingi huo, swali linabadilika. Mtikisiko wa viuno unaoonekana pale si mgeni katika ngoma za wanawake wa Pwani. Mgeni ni mtazamaji. Kamera haichezi, haiitwi katikati, wala haina somo wala mwari. Inakaribia viuno kuliko inavyokaribia nyuso, na kwa kufanya hivyo inageuza maarifa ya kike kuwa tamasha la yeyote mwenye simu. Hapo video haivunji jukumu la jadi la mwanamke wala hailihifadhi. Inalichukua umbo lake na kuliacha fundisho lake nje.

Hata hivyo, ingekuwa dhuluma kuishia hapo. Katika video nyingi za waimbaji wa kiume, mwanamke huwekwa kando ya gari au bwawa la kuogelea, hana neno, thamani yake ikiwa ni kuthibitisha utajiri wa anayeimba. Katika "Chura" mwenye wimbo ni mwanamke; sauti ni yake na jina ni lake. Mhakiki anayeziweka video hizi mbili katika kapu moja kwa sababu tu zote zinaonyesha viuno, hajatofautisha msemaji na pambo. Ugumu wa "Chura" ni kwamba Snura ameishika sauti, ilhali picha imebaki mikononi mwa jicho lilelile la kiume.

Inaweza kujibiwa kwamba dola haikuwabagua wanawake, kwani mwaka 2018 BASATA iliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Jibu hilo lina uzito, lakini linafichua zaidi kuliko linavyokanusha. Wanaume wale waliulizwa juu ya maneno yao. Snura aliulizwa juu ya miili iliyoonekana katika video yake. Katika mifano hii miwili, mwanamume anahukumiwa kwa ulimi na mwanamke kwa kiwiliwili. Mgawanyo huo ni wa zamani kuliko video.

Hata maneno ya mwanamke mwenyewe huweza kuubeba mgawanyo huo bila kukusudia. Wimbo wa Lady Jaydee, "Wanaume Kama Mabinti", unawasuta wanaume wasiotimiza uanaume unaotarajiwa. Ni ujasiri kwa mwanamke kusuta hadharani, na taarabu ya mipasho ilikwisha kulima shamba hilo. Lakini kipimo cha aibu katika jina la wimbo ni kufanana na binti. Mwanamume anashushwa kwa kupewa cheo cha mwanamke, na cheo hicho kinabaki chini palepale kilipokuwa.

Wasomaji walio Muscat au London wanazijua pande zote mbili za jambo hili. Katika sherehe nyingi za harusi za wanawake watupu, simu huachwa mlangoni au picha hukatazwa, kisha viuno hufunguliwa bila hofu. Wanawake haohao, video ya aina ileile inapotokea kwenye televisheni ya sebuleni mbele ya mkwe, hutafuta rimoti. Wapo watakaouita huo unafiki. Kwa kweli ni elimu ya zamani: wanajua kwamba ngoma moja, mlango ukifungwa na mlango ukiwa wazi, si ngoma moja tena.

Mwaka 2024 Snura alitangaza kuacha muziki kwa ajili ya dini, akaomba nyimbo zake zisiendelee kuchezwa. Awe mtu anaafiki uamuzi huo au haafiki, ombi lenyewe linastahili kusikilizwa na wahakiki. Ngoma ya unyago inapokwisha, wanawake huondoka nayo vifuani mwao. Video haiondoki na mwenyewe. Serikali ilikuwa na uwezo wa kuifungia, mashabiki wana uwezo wa kuirudia, na aliyeicheza ana uwezo wa kuomba tu. Uhakiki wa uana katika video za muziki ungeanzia hapo: nani anaushika mlango?