Si kila ibada ni misa, wala si kila heshima ni kuabudu

Kila sajili ina msamiati wake. Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kwamba lugha ya mahakamani si ile ya soko la Gikomba, na akizichanganya katika mtihani atapoteza alama. Ajabu ni kwamba baadhi ya wanahabari wetu, waliopita mtihani huo zamani, wakifika kwenye sajili ya Kanisa Katoliki huona kila neno linafaa popote.

Tuanze na 'misa'. Siku hizi marehemu yeyote, awe Mwanglikana au Msabato, hufanyiwa 'misa ya wafu' katika taarifa ya saa moja. Sivyo. Misa, neno lenye asili ya Kilatini, ni adhimisho la Ekaristi. Pasipo padri, mkate na divai hakuna misa. Kuna ibada, na ibada si neno duni. Ijumaa Kuu yenyewe haina misa popote duniani, ingawa makanisa hufurika. Bado kila mwaka tunaarifiwa kuhusu 'misa ya Ijumaa Kuu'! (Na iwe divai, tafadhali. Mvinyo huku kwetu umekuwa jina la vitu vya baa.)

Kitenzi nacho kina uzito. Vijana wengi husema 'kuchukua komunyo', tafsiri sisisi ya Kiingereza. Unachukua sukari dukani, jamani. Komunyo hupokewa, au mtu hukomunika. Anayechukua amejiamulia, anayepokea amepewa, na imani ya Mkatoliki kuhusu Ekaristi imo humo kwenye kupewa. Vivyo hivyo, chembe za hostia zinazosalia si 'makombo'. Makombo hutupiwa kuku.

Lakini linalonikera zaidi ni 'kuabudu'. Nilimsikia mtangazaji mmoja wa redio akieleza kuwa mahujaji walikuwa wamefika Subukia, kaunti ya Nakuru, kumwabudu Bikira Maria. Kwa kitenzi kimoja akawa amewageuza maelfu ya Wakenya kuwa waabudu sanamu, na sina shaka kuna nyumba ambamo mke Mkatoliki na mume Mprotestanti waliukosea usingizi usiku huo. Kanisa liliyatenganisha mambo haya kitambo. Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulisema kuwa picha takatifu huheshimiwa, kwamba heshima hiyo humwendea yule anayewakilishwa, na kwamba kuabudiwa ni kwa Mungu peke yake. Kiswahili nacho hakijapungukiwa: kuna kuheshimu, kuhiji, kuomba maombezi. Tatizo ni kwamba neno 'sanamu' limebeba mizigo miwili, mchongo wa mtakatifu na mungu wa kuchonga, kwa hiyo mtu akiona magoti yamepigwa mbele ya sanamu, kitenzi kinamponyoka. Hebu tazama: sanamu ya Dedan Kimathi imesimama katikati ya jiji la Nairobi, watu huiwekea mashada, na sijasikia yeyote akiripoti kwamba tunamwabudu Kimathi.

Msomaji asiyekubaliana na Wakatoliki ana haki yake. Anaweza kusema, "Mimi, Profesa, naona huko ni kuabudu tu." Sawa. Hayo ni ya kujadiliwa na wanateolojia, na yamejadiliwa kwa karne nyingi. Ripota hakutumwa kuiamua kesi hiyo. Ametumwa kutueleza waliokwenda Subukia walisema wanafanya nini.

Kuna pia heshima inayozidi mpaka. Papa Francis alipofariki Aprili 2025, tulisoma na kusikia 'Papa Mtakatifu Francis'. Cheo ni Baba Mtakatifu. Neno 'Mtakatifu' likiambatana na jina la mtu aliyekufa, huwa ni tangazo kwamba Kanisa limemwandika katika orodha ya watakatifu, kama lilivyofanya kwa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2014. Utaratibu huo una uchunguzi na hatua zake. Mhariri hawezi kuumaliza kwa kichwa cha habari. Na herufi kubwa isisahaulike katika 'Papa', maana yule wa herufi ndogo kule Pwani hupikwa kwa nazi.