Kinu cha mkono na foleni ya saa moja asubuhi

Muuza kahawa wa pwani haulizwi kahawa yake imesagwa kiasi gani. Buni hukaangwa mpaka iwe nyeusi tii, hutwangwa, unga ukatiwa kwenye dele, dele likawekwa juu ya makaa, halafu kazi ya kuchuja huachiwa subira: machicha yanatua chini, kinachomiminwa ni cha juu. Ukitwanga ovyo kidogo, moto na muda vinakusitiri, na tangawizi inamalizia.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponiambia anataka kuweka meza ya kahawa Moshi, si kahawa chungu bali ya kuchuja, arabika ya mlimani iliyokaangwa kidogo, nilimwambia kinu cha bibi hakitamfaa.

"Kwa nini, mjomba? Si kahawa ileile?"

Kahawa ni ileile, muda ndio tofauti. Ya kuchuja hukaa na maji kama dakika nne basi. Katika dakika hizo maji yanatakiwa kuchukua takriban asilimia 18 hadi 22 ya uzito wa kahawa. Yakichukua pungufu inakuwa chachu na nyepesi, yakizidisha inakuwa chungu na kukausha ulimi. Punje ndogo hutoa vyake upesi, punje kubwa huchelewa. Kinu na mchi hukupa vyote viwili kwa mkupuo mmoja, vumbi na chenga, na hapo kikombe kinakuwa kichungu na kichachu kwa wakati mmoja, mnywaji asijue alalamikie kipi. Blenda ya jikoni ina ugonjwa huohuo, maana visu vyake vinakatakata tu; kilichopitiwa mara nyingi kinakuwa vumbi, kilichokimbilia pembeni kinabaki pande.

Dawa yake ni mashine yenye meno mawili, moja la nje lililotulia na moja la ndani linalozunguka, na nafasi kati ya meno hayo ndiyo inayoamua ukubwa wa punje. Punje haitoki mpaka imekuwa ndogo ya kutosha kupita. Si jambo jipya hata kidogo: Peugeot, hao hao wa magari, walikuwa wakitengeneza vinu vya kahawa vya mkono tangu 1840, miaka mingi kabla ya kuunda gari lolote.

Kinu cha kwanza alichonunua mpwa wangu kilikuwa cha bei nafuu, chenye meno ya kauri na mwili wa plastiki. Muuzaji alimsagia dukani mbele ya macho yake, unga ukatoka laini kama poda, akalipa. Alipokifikisha nyumbani na kukifungua kidogo ili asage punje za kuchuja, ikawa vurugu ileile ya kinu cha bibi. Tulipepeta gramu 20 kwenye chujio la chai. Vumbi likaanguka kwenye sahani, na juu ya chujio vikabaki vipande vya ukubwa wa robo ya buni.

Nilishika jino la ndani kwa vidole viwili nikalisukuma kushoto na kulia. Lilicheza. Mhimili wake ulikuwa umeshikwa juu tu, chini unaning'inia. Hapa ndipo wengi wanapoibiwa bila kujua, na muuzaji mwenyewe pengine hajui kwamba anaiba. Kinu cha namna hiyo ukikibana kwa ajili ya unga laini, meno yanakaribiana na kuegemeana, mhimili unatulia, matokeo yanapendeza. Ukikifungua, egemeo linaondoka. Jino linayumba, upande mmoja nafasi inakuwa finyu na upande wa pili pana. Yaani kinafaulu mtihani wa dukani na kufeli mezani.

Cha pili kilimgharimu mara nne ya kile. Mwili wa chuma, meno ya chuma, beringi juu na beringi chini. Kina kirekebishi kinachotoa mlio kila unapokizungusha hatua moja. Kwenye Comandante C40 ya Kijerumani, ambayo wengi huitumia kama kipimo, kila mlio ni takriban maikroni 30. Nilimfundisha kubana mpaka meno yagusane, hapo ndipo sifuri, halafu ahesabu milio kwenda mbele na kuiandika daftarini pamoja na tarehe ya kukaanga. Unga ulipokuwa unang'ang'ania kuta za kinu kwa umeme tuli, alidondoshea buni tone moja la maji kabla ya kusaga. Ujanja huo ulikuwepo kwa watengeneza kahawa muda mrefu, na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, akiwemo Christopher Hendon, wakachapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba unyevu kidogo kweli hupunguza umeme huo.

Akafungua meza. Mji wenyewe una kejeli yake: Moshi, makao ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanzishwa 1933, asubuhi unakunywa chai ya maziwa. Hata hivyo wiki ya pili alikuwa na wateja, na hapo hapo akanipigia simu anataka mkopo wa mashine ya umeme. Kinu, alisema, kinamchelewesha.

Nilikwenda nikakaa kwenye ndoo nyuma yake na saa mkononi. Kati ya saa moja na saa moja na nusu walikuja watu 16. Alikuwa akimtengenezea kila mtu kikombe chake: kupima, kusaga, kuchuja, kumimina. Dakika tano. Vikombe sita katika nusu saa, na kumi wakaenda zao, wengine wakiangalia simu kama vile wamekumbuka jambo. Katika zile dakika tano, kusaga kulichukua moja tu. Hata angepewa mashine ya kusaga kwa sekunde tano, angefika vikombe saba. Mkopo mzima kwa kikombe kimoja.

Tuliacha kinu kilivyo, tukabadilisha utaratibu. Sasa anasaga kabla wateja hawajafika, gramu 108 kwa lita 1.8 za maji, anaiacha sufuriani dakika nne, anachuja kwa kitambaa kwenye chupa ya chai. Chupa mbili. Kinu kinabeba gramu 35, kwa hiyo ni mizunguko saba, chini ya robo saa, na mkono unapata mazoezi. Buni iliyokaangwa kidogo ni ngumu, simfichi mtu. Anachuja saa kumi na mbili na nusu. Ikifika saa mbili ladha imeanza kuchoka, na kilichobaki anakinywa yeye.

Utaratibu huo ukatufumbua macho kwenye hesabu. Alikuwa amepanga bei akisema kilo moja, gramu 12 kwa kikombe, ni vikombe 83. Lakini alikuwa ananunua buni mbichi na kupeleka kukaanga, na kukaanga kunakula maji: kilo inarudi kama gramu 850. Halafu machicha nayo yanakunywa, karibu mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo lita 1.8 hazitoi vikombe tisa vya mililita 200, zinatoa vinane. Yaani gramu 13.5 kwa kikombe. Gawanya 850 kwa hizo: vikombe 63. Ishirini vilikuwa kwenye karatasi tu. Ilibidi apandishe bei, na wateja wawili walinuna.

Kinu hiki kina mpaka wake. Akitaka kuuza espreso, gramu 18 za unga laini kwa kila mteja, mkono hautaweza, na hapo nitamsainia mkopo mwenyewe. Akifika chupa nne kila asubuhi, yaani zaidi ya gramu 400 za kusaga, pia tutazungumza. Kwako wewe unayetaka kuanza, kabla hujauliza bei ya kinu chochote, kifungue, shika jino la ndani, litikise. Na usikubali kusagiwa unga laini kama ushahidi. Mwambie muuzaji asage punje kubwa.

Mpwa wangu mashine ya umeme hajanunua. Amenunua chupa ya tatu.