Nyota Iliyokosekana Baada ya Mkwaju

Seva haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mstari wa 12 wa `.gitignore`, na wakaguzi wawili waliupitisha mchana kweupe: `uploads/`, na chini yake `!uploads/.gitkeep`. Mnajua kilichofuata. Seva mpya iliamka bila folda ya `uploads`, na kila picha iliyopandishwa ikagonga mwamba.

Nia ilikuwa njema: zuia vilivyomo, bakiza folda. Lakini ukiifunga folda yenyewe, Git haiingii ndani hata kuchungulia. Imetengenezwa hivyo kwa ajili ya kasi, na hati zake zinasema wazi kwamba faili halirudishwi kwa alama ya mshangao ikiwa folda mama imezuiwa. Mstari wa pili ukabaki nje ukibisha hodi.

Kilichohitajika ni nyota moja: `uploads/*`. Hapo kinachozuiwa ni vilivyomo, mlango wa folda unabaki wazi, na `!uploads/.gitkeep` inapata pa kushika. Kukiwa na folda ndani ya folda, kila ngazi ifunguliwe kwa mstari wake. Kilichomponza zaidi mwandishi wa komiti ni `git add .`, ambayo huruka faili zilizozuiwa bila kusema neno. Angelitaja faili lile kwa jina lake, Git ingekataa na kumwambia kwa nini.

Mengine mengi yalikaa sawa: `node_modules/` na `.env` vilizuiwa tangu komiti ya kwanza.

Nimelisema hili la folda tangu tulipoiacha Subversion, na nalirudia. Kule folda ilikuwa na historia yake. Ukiiweka tupu, inamfikia kila mtu ikiwa tupu, na `svn:ignore` ilibandikwa kwenye folda yenyewe. Git, tangu Linus Torvalds alipoianzisha mwaka 2005, hufuatilia faili, si folda. Ndiyo maana tunahangaika na `.gitkeep`, jina ambalo Git yenyewe hailitambui. Ni desturi ya watu tu. Na tazameni mstari wa 15: `.idea/` ya mtu mmoja imo tena kwenye faili la timu nzima, ilhali `.git/info/exclude` ipo kwa kazi hiyohiyo.

Tangu toleo la 1.8.2 la mwaka 2013, `git check-ignore -v uploads/.gitkeep` hutaja faili, namba ya mstari na kanuni iliyozuia. Ingewajibu wakaguzi papo hapo: 12, `uploads/`.