Mfadhili, Mlengwa na Msimulizi: Usawiri wa Msaada wa Kikristo Wakati wa Ukame

1. Utangulizi

Mhusika wa kanisa katika fasihi ya Kenya amehakikiwa kwa muda mrefu kwa kigezo kimoja: unafiki. Mhakiki huonyesha tofauti iliyopo baina ya mahubiri na matendo ya mhusika huyo, kisha mjadala hufungwa. Makala haya hayakanushi kigezo hicho. Yanadai tu kwamba hakitoshi tunapohakiki matini zinazohusu ukame, njaa na misaada ya Kikristo. Swali lenye uzito zaidi ni la kiusimulizi: nani anaieleza njaa, nani anaipa jina, na mwenye njaa mwenyewe ametengewa nafasi gani katika maelezo hayo? Tutalijadili swali hili kwa kurejelea riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood (1977), tamthilia ya Said Ahmed Mohamed, Amezidi (1995), jina ambalo Wakamba waliipa njaa ya mwaka 1984, na utanzu ambao ni nadra kufunzwa katika idara zetu, yaani barua zinazoandikwa kwa wafadhili.

2. Mlangoni pa Mchungaji

Katika Petals of Blood, ukame unapoikumba Ilmorog, wazee wanashauri punda wa Abdulla afukuzwe ili aondoke na nuksi. Karega anatoa rai nyingine: wanakijiji waende mjini wakamwone mbunge wao. Safari ni ndefu, na Joseph, mtoto anayelelewa na Abdulla, anaugua njiani. Mlango mmojawapo wanaoubisha ni wa Mchungaji Jerrod Brown. Jina lake linawafanya watarajie Mzungu, kumbe ni Mwafrika mwenzao. Mchungaji anawaombea, anawapa chakula cha kiroho na kuwaacha waende zao na njaa yao. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi.

Usomaji uliozoeleka huishia hapo. Hata hivyo, tukizingatia kipimo ambacho mandhari haya yanatualika kukitumia, tutaona kwamba hakitoki nje ya Ukristo. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unamkosoa vikali mtu anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe bila kumpa chochote. Hivyo basi, Mchungaji Brown anahukumiwa kwa kitabu chake mwenyewe. Tunaweza kusema kwamba riwaya hii haikatai sadaka, bali inaidai.

Jambo la pili ni la kimuundo. Tukio hili tunaliona tukiwa upande wa wanaobisha mlango. Wenye njaa ndio wanaomtazama na kumpima mwenye shibe. Isitoshe, hawafiki mlangoni wakiwa mikono mitupu. Wana masimulizi ya Nyakinyua, wana Abdulla anayewawindia swara ingawa ni kilema wa mguu, na wana punda yule yule aliyenusurika kufukuzwa. Methali yetu kwamba fadhila ya punda ni mateke inapinduliwa: hapa punda ndiye mfadhili wa kwanza.

Mambo yanabadilika pale habari za msafara zinapoingia magazetini na misaada kuanza kutolewa. Kuanzia hapo Ilmorog inasimuliwa na wengine. Barabara kuu inapita, mji mpya unachipuka, mikopo ya benki inafuata, na Nyakinyua, aliyetembea hadi mjini kuitetea ardhi yake, anaipoteza ardhi hiyo kwa benki. Ufadhili uliopokonya watu usimulizi wao umetangulia tu kupokonya shamba.

3. Kejeli na Mipaka Yake

Amezidi inaugeuzia kioo upande wa pili, yaani wa mpokeaji. Kwa wahusika wake Ame na Zidi, ambao majina yao yakiunganishwa huwa lawama, tamthilia inakejeli utegemezi wa Afrika kwa misaada. Kejeli hii ina thamani kubwa. Lakini istiara inayobeba bara zima haina budi kuacha nje kijiji kimoja na mwaka mmoja. Mama anayepanga foleni ya mahindi uwanjani pa kanisa hawezi kusomwa kama Ame au Zidi bila kudhulumiwa. Yeye hakuzidi chochote. Mvua ndiyo iliyopungua.

4. Mwaka Mmoja, Majina Mawili

Mnamo Oktoba 1984, Michael Buerk wa BBC aliripoti njaa ya Ethiopia kutoka Korem, akiilinganisha na njaa za Biblia. Desemba mwaka huo, wanamuziki wa Band Aid walitoa wimbo ulioitwa Do They Know It's Christmas? Swali hilo lilielekezwa kwa nchi ambayo Ukristo wake ni wa tangu karne ya 4, na ambayo huadhimisha Krismasi yake mwezi wa Januari. Michango iliyopatikana ilikuwa mingi na iliokoa watu. Lakini mwenye njaa alinyamazishwa hata kuhusu imani yake.

Mwaka huo huo, Ukambani kulikuwa na njaa. Wakamba waliiita Nikwa Ngwete, yaani "nakufa nikiwa nimeshika", kinachoshikwa kikiwa ni pesa. Jina hili ni simulizi kamili katika maneno mawili. Lina nafsi ya kwanza, lina tukio, na lina uchambuzi wa kiuchumi: watu walikuwa na fedha mkononi ila chakula hakikupatikana cha kununuliwa. Linaipinga moja kwa moja taswira ya mhitaji asiye na kitu wala kauli.

Linganisha jina hilo na barua ya mtoto kwa mfadhili wake. Mwandishi wa makala haya aliandika barua za aina hiyo akiwa shule ya msingi. Sentensi ziliandikwa ubaoni, nasi tukazinakili: afya yangu ni njema, ninasoma kwa bidii, ninakuombea. Nafsi ya kwanza ilikuwepo, lakini haikuwa yetu. Hapakuwa na sentensi kuhusu mvua, wala kuhusu ng'ombe waliouzwa kwa bei ya kutupa. Ni haki kuongeza kwamba karo na sare zilizotokana na barua hizo ndizo zilizotufikisha baadhi yetu chuo kikuu. Kipimo cha Yakobo kilitimizwa. Kilichokosekana ni kingine.

Msamiati wa Kiswahili wa shughuli hii unalidhihirisha pengo hilo. Mfadhili na mhisani ni nomino za mtenda. Mpokeaji huitwa mlengwa, neno lililoundwa kutokana na kauli ya kutendwa: yeye hulengwa, kama shabaha. Sarufi yenyewe imeshamgawia kimya.

5. Hitimisho

Tunapendekeza barua, picha na ripoti za misaada ziingizwe katika mihadhara yetu na kuhakikiwa kwa zana zile zile za nafsineni, hadhira na mtazamo. Si kwa nia ya kuwadhihaki watoaji. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyewahi kunywa uji wa kanisa hana haki ya kuudharau. Nia ni kumrudishia mlengwa kauli ya kutenda. Mashirika ya Kikristo hayahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Katika Mathayo 25, anayesema kwamba alikuwa na njaa anasema kwa nafsi ya kwanza. Yeye ndiye anayesimulia, na yeye ndiye hakimu.