Kitransfoma cha Kushusha Umeme: Tusikipe Sifa Isiyo Yake

Umeletewa saa ya ukutani kutoka Marekani, muuzaji anakupa kitransfoma: "Chomeka tu, hamna shida." Hapo nabisha. Kweli, kinashusha volti 230 za kwetu hadi 120, na kazi hiyo kinaiweza. Lakini hezi hakigusi: 50 inabaki 50, kwao ni 60. Saa ya mota inayofuata hezi itachelewa dakika 10 kila saa!

Kubwa zaidi ni usalama. Vingi vya bei rahisi vina koili moja tu, pande zote mbili zinaitumia. Kipande cha pamoja kikikatika, volti 230 zinaweza kufika kwenye kifaa chako. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza: koili ngapi? Wati ngapi? Kushusha volti si kukukinga.