Uzito wa Gundi

Bodi ya povu huvunjika kwa kidole gumba. Kitambaa cha nyuzi za kaboni hulegea mkononi, na epoksi iliyoganda peke yake, ukiipinda sana, hukatika. Vitatu hivi, kila kimoja kikiwa na unyonge wake, vikikutanishwa na mtu mwenye subira hutoa bawa la mita moja na nusu ambalo mtu mzima hulishika kwenye ncha, akajizungusha kama mrusha kisahani, akaliachia kwa nguvu zake zote. Halivunjiki. Glaida nzima, pamoja na betri na vimota vya kuongozea mkia, ina gramu 250 hivi, na mrushaji hodari huipandisha zaidi ya mita 50. Baada ya hapo haina injini ya kuitegemea, ila kazi ya aliyeiunda.

Kazi hiyo hufanyika nyumbani. Hapa Muthangari, Nairobi, magorofa yanakozidi kuota kati ya Lavington na Waiyaki Way, chumba cha wageni kinatosha, mradi wageni wasije. Povu hukatwa kwa waya wa nikromu uliokazwa kwenye upinde wa mbao na kupitishiwa umeme hadi upate joto. Waya haukati kwa makali: povu huyeyuka kabla haujalifikia. Kwa kuwa bawa ni pana karibu na kiwiliwili na jembamba nchani, waya unapaswa kwenda kasi upande mmoja na polepole upande wa pili, lakini ncha zote mbili zimalize pamoja. Kwa hiyo watu wawili husimama huku na huku, vibao vya umbo vikiwa vimechorwa alama zenye namba, na mmoja anahesabu kwa sauti: tatu, nne, tano. Anayesita huchimba mfereji. Nasikia ziko mashine za kompyuta zinazofanya kazi hii bila neno. Sijazitamani.

Umbo lenyewe la bawa hatulibuni. Mark Drela, mhandisi wa chuo cha MIT huko Marekani, alichora jamii ya maumbo yanayoitwa AG kwa ajili ya glaida ndogo kama hizi, na vipimo vyake vinapatikana bure kwa yeyote mwenye printa.

Kisha inakuja gundi, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Nguvu ya bawa imo ndani ya nyuzi. Epoksi kazi yake ni kuzishika zisihame. Tone lolote linalozidi hapo ni mzigo mfu. Basi kitambaa hupimwa kwenye mizani kikiwa kikavu, hupakwa, halafu hukandamizwa kwa karatasi za shashi ili kunyonya kilichozidi, hupimwa tena, hukandamizwa tena. Karibu kila ufundi niujuao hujivunia kilichoongezwa: nakshi, rangi, misumari ya shaba. Huu hujivunia karatasi zilizolowa kwenye ndoo ya taka.

Jijini Nairobi hesabu hiyo ni kali zaidi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha asilimia 15. Glaida ileile inalazimika kwenda kasi zaidi ili ibebwe na hewa hii, na kurudisha mwendo wa Mombasa kungehitaji kuipunguzia karibu gramu 40. Kati ya gramu 250, utazitoa wapi? Betri haikatwi. Inabaki gundi.

Hewa hiyohiyo ndiyo pia koleo letu. Bawa lililopakwa huwekwa kati ya karatasi laini za plastiki, likaingizwa katika mfuko usiovuja, na kompresa iliyotolewa kwenye friji bovu ikafyonza hewa. Uzito wa anga hufanya yaliyobaki. Ukinyonya hadi nusu tu, bawa dogo hivi hukandamizwa na mzigo unaokaribia tani moja, sawasawa kila mahali, na zaidi ya hapo povu lingebonyea. Stima ikipotea usiku, bomba la plastiki lililozibwa huku na huku na kuunganishwa na mfuko huwa akiba ya utupu. Julai, baridi inapokaza, epoksi huchelewa: kila nyuzijoto 10 zikishuka, muda wa kuganda hukaribia kuongezeka maradufu. Sanduku la mbao na balbu, kama la kulelea vifaranga, humaliza shida hiyo.

Kitakachofichwa humo ndani ndicho ninachokipenda kuliko vyote: mhimili. Bawa likibeba mzigo hujipinda kwenda juu, kwa hiyo nyuzi za chini huvutwa na za juu husukumwa. Kaboni huvumilia kuvutwa kuliko kusukumwa, na uzi wa juu wenye kikunjo hata kidogo ndio utakaoanza kushindwa. Ndiyo maana tabaka la juu huongezwa na kunyoshwa kwa uangalifu wa kuchosha, ilhali kitambaa cha ngozi ya bawa hukatwa mshazari, nyuzi 45, kizuie kusokoteka. Hakuna atakayeona lolote kati ya haya.

Ufundi huu ulianzia kwa wanafunzi. Glaida ya kwanza ya kubeba mtu yenye mwili wa nyuzi za kioo, fs 24 Phönix, iliundwa na kundi la wanafunzi wa Stuttgart, Ujerumani, ikaruka mwaka 1957; ile iliyotangulia kutumia kaboni, SB 10, ilitoka kwa wenzao wa Braunschweig mwaka 1972. Viwanda vilifuata.

Kuirusha Muthangari haifai: uwanja wa ndege wa Wilson uko karibu, na ndege ndogo hupita juu ya paa. Tunapanda vilima vya Ngong. Upepo wa mashariki hugonga kilima upande wa Nairobi ukapanda nacho, na mwewe wanajua mahali pake kabla yetu. Ukivuka mgongo kuelekea Bonde la Ufa hewa inavurugika, na glaida nyingi zimemalizikia huko.

Rangi? Nyeupe haionekani kwenye mawingu ya Ngong. Kwa hiyo mimi hupuliza mistari myeusi juu ya karatasi ya plastiki kabla ya kupaka gundi, ikahamia kwenye tumbo la bawa ndani ya mfuko. Ni gramu mbili au tatu. Hizo nimekubali kuzilipa.