Neno Lililocheleweshwa: Watazamaji wa Likasi mbele ya Filamu ya Augure

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi watazamaji wachache wa mji wa Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, walivyoipokea filamu ya Augure iliyotungwa na Baloji. Msanii huyu alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akakulia Ubelgiji, na alijulikana kwanza kwa muziki kabla ya kuingia katika sinema. Filamu yake ilionyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes mwezi Mei 2023, na ikatunukiwa huko tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard. Lugha zake ni Kifaransa, Kilingala, Kiswahili na Kiingereza. Kwa sababu hiyo peke yake inastahili kujadiliwa na wanafunzi wa Kiswahili, ambao mara nyingi huiachia idara nyingine kazi ya kuhakiki filamu.

Augure ni filamu ya ndoto. Matukio yake hayafuatani kwa sababu na matokeo, na mara nyingi picha huachwa bila maelezo. Tuliitazama jioni moja mtaani Kikula, watu kumi na mmoja, kwa kompyuta iliyounganishwa na televisheni. Hatudai kwamba kikao hicho kilikuwa utafiti. Hata hivyo, yaliyosemwa pale yalitufanya tuitilie shaka kauli iliyozoeleka, yaani kwamba mtazamaji wa kawaida huchoshwa na filamu za aina hii kwa kuwa hana elimu ya kuzielewa.

2. Nadharia ya zamani kuhusu mtazamaji

Kauli hiyo ina historia. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliendesha jaribio la sinema ya elimu huko Vugiri, Usambara, wakatengeneza filamu na kuzizungusha Afrika Mashariki ili kuona Waafrika wangefahamu nini. Baadaye William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu za makoloni kilichoanzishwa London mwaka 1939, alishikilia kwamba watazamaji wasiojua kusoma watengenezewe filamu za mwendo wa polepole, zisizo na mikato ya ghafla wala hila za kamera. Katika Kongo ya Wabelgiji nako kulikuwa na tume za kuamua ni filamu zipi zilizowafaa Waafrika. Wamisionari walitoa filamu zao wenyewe, zikiwemo zile za vichekesho vya Matamata na Pilipili katika miaka ya 1950.

Inafaa tuone kinyume kilichotokea. Wakati ule ilisemwa kwamba Mwafrika anahitaji filamu ya polepole kwa kuwa akili yake haijazoea sinema. Siku hizi husemwa kwamba hawezi kuvumilia filamu ya polepole kwa kuwa amezoea sinema za mapigano. Nadharia hizi mbili zinapingana kuhusu mwendo wa filamu, lakini zinakubaliana kuhusu mtazamaji, kwamba yeye ndiye mwenye upungufu. Hakuna hata moja inayouliza mtazamaji huyo alichoka wapi hasa, na kwa nini alichoka pale na si penginepo.

3. Habari ya filamu

Filamu ina sehemu nne, na kila moja inabeba jina la mhusika mmoja: Koffi, Paco, Tshala na Mama Mujila. Wote wanne wamewahi kutiliwa shaka ya uchawi. Koffi, anayeigizwa na Marc Zinga, alizaliwa na alama usoni, akaitwa zabolo, yaani shetani, na mama yake akamwepuka. Baada ya miaka mingi Ubelgiji anarudi na mchumba wake Alice, ambaye ni mjamzito, ili apeleke mahari kwa baba yake. Katika kikao cha ukoo anapewa mtoto mchanga wa dada yake ampakate. Pua yake inatoka damu, nayo inamdondokea mtoto. Ukoo unaona kwamba laana imethibitika, na Koffi anafanyiwa tambiko la kufunikwa kinyago.

Kicheko cha kwanza pale Kikula kilitokea mapema, jina la msanii lilipoonekana. Katika Kiswahili cha Katanga kiambishi wa- hutamkwa ba-, na baloji ndio walozi, yaani wachawi. Kwa hiyo hadhira ile ilikwisha kuingia katika mada kwa njia ya lugha kabla ya kisa chenyewe kuanza, na ufunguo huo hauandikwi katika tafsiri za chini ya picha.

4. Mahali watazamaji walipochoka

Tulitarajia malalamiko katika kikao cha ukoo. Ni sehemu ya ukimya mwingi: watu wanatazamana, chakula kinangoja, mama hamkaribii mwanawe. Kinyume cha matarajio, hakuna aliyelalamika. Watazamaji walikuwa wakihesabu nani ameketi wapi, nani amesalimiwa kwanza, nani hakupewa mkono. Damu ilipodondoka, mama mmoja alisema kwa sauti ya chini: “Hakuna mutu aliuliza mutoto.” Alimaanisha kwamba tangu Koffi alipozaliwa hadi siku ile hakuna mtu aliyewahi kumwuliza yeye mwenyewe lolote.

Malalamiko yalikuja katika sehemu ya Paco, mtoto wa mitaani anayemlilia dada yake aliyekufa na kuongoza kundi la vijana waliovaa magauni ya rangi ya waridi. Sehemu hii ina ugomvi, muziki na rangi nyingi. Kwa kipimo cha saa, mambo yanakwenda mbio. Lakini hapo ndipo kijana mmoja aliposema, “Ii sinema iko nalala,” yaani filamu hii inalala, na mwenzake akaongeza: “Tuko nangojea neno, beko natuonesha manguo.”

Sentensi hii ya pili ndiyo iliyotufundisha zaidi. Mtazamaji huyu hakupima mwendo wa filamu kwa wingi wa picha. Alipima kwa neno, na neno kwake lina maana mbili, usemi na pia jambo lenyewe linalopaswa kusemwa. Palipokuwa na neno, hata likifichwa katika ukimya wa mama na mwanawe, filamu ilikwenda. Palipokuwa na mapambo, ilisimama.

Kipimo hiki kina mizizi katika sanaa ya Katanga yenyewe. Kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo Johannes Fabian aliliandikia kitabu mwaka 1990, lilitunga michezo yake kwa majadiliano na mazoezi bila matini iliyoandikwa, na mgogoro katika michezo hiyo huendeshwa kwa watu kusemezana. Hadhira iliyolelewa na sanaa ya namna hii haikosi uvumilivu. Inaweza kungoja muda mrefu, mradi ione kwamba kuna jambo linalongojewa.

5. Baba asiyeonekana

Jambo la pili linahusu kile kinachoitwa ndoto katika filamu hii. Baba wa Koffi haonekani. Anasemwa kuwa yuko mgodini, na mwanawe anamtafuta asimkute. Mhakiki wa mbali aweza kuiona hali hiyo kama fumbo mojawapo kati ya mafumbo mengi. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Gécamines hakuona fumbo lolote. Alisema: “Ule baba, njo sisi.”

Ili kumwelewa mzee huyo yatupasa kukumbuka historia ya mji. Likasi, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulikua kwa shaba na kwa viwanda vya Shituru na Panda. Union Minière, na baada yake Gécamines, ilimpa mfanyakazi nyumba, posho ya chakula, hospitali na shule ya watoto, hata kampuni ikahesabiwa kuwa baba. Kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, baba wa nyumbani aliyetegemea mshahara alianguka pamoja nayo. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 kichwa kinachosema kwamba watoto wa Shaba wameachwa na baba yao.

Basi picha ya baba anayesemwa tu na asiyeonekana, ambaye hata mahari haina wa kuipokea, ni uhalisia mtupu kwa mtazamaji wa Likasi. Wakati ule ule, mandhari ya jangwa na mwanamke aliyepanda farasi yalibaki kwake pambo. Mpaka kati ya ndoto na uhalisia hauko ndani ya filamu peke yake. Sehemu yake imo katika maisha ya anayeitazama. Mhakiki anayeuchora mpaka huo akiwa Cannes hana budi kukubali kwamba Likasi wataupitisha mahali pengine.

6. Tathmini na hitimisho

Je, malalamiko ya Kikula yalikuwa ya haki? Kwa maoni yetu yalikuwa ya haki kwa sehemu. Filamu ina ujasiri mkubwa pale inapokataa kutueleza kama uchawi upo au haupo, na kutuonyesha badala yake kazi inayofanywa na shutuma yenyewe. Udhaifu wake ni kuchelewesha neno la Mama Mujila hadi sehemu ya mwisho. Ndipo tunapoanza kuona kwamba naye alibebeshwa mzigo asioutaka, na muda unakuwa umekwisha.

Ucheleweshaji huu si suala la fani tu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumshutumu mtoto kuwa mchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya mwaka 2009 inaadhibu kosa hilo. Hata hivyo watoto bado wanafukuzwa majumbani kwa shutuma hiyo hiyo. Hadhira inayoishi karibu na watoto hao ina haki ya kudai neno kabla ya mapambo. Yule mama aliyesema kwamba hakuna aliyemwuliza mtoto alikuwa ameihakiki filamu na ukoo wa Koffi kwa pamoja.

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba mwanafunzi wa fasihi anaposikia mtazamaji akisema filamu inakawia, asikimbilie kumfundisha uvumilivu. Amwulize kwanza alikuwa akingoja nini.